Hasheem Thabeet na Deni Ambalo Hakukopa

Wasee wa Nyeri, kaeni tuongee kidogo. Kila mwaka fresha wakiripoti chuoni, mambo huwa ni yale yale. Iwe ni Dedan Kimathi hapa kwetu, iwe Karatina, Chuka ama Embu, lazima kuna jamaa mmoja mrefu atapita karibu na uwanja wa basketiboli akiwa bado amebeba godoro. Kabla afike hosteli, habari zishaenea. "Umeona hiyo mti?" "Huyo sasa ndiye wetu." Kama timu ilikuwa inachapwa kila wikendi, watu washaamua kuchapwa kumeisha. Jamaa hajadunda mpira hata mara moja na tayari ana deni.

Leo nataka tuangalie hilo deni, na nitatumia historia ya mtu ambaye wengi wenu mnamjua kama mzaha tu. Anaitwa Hasheem Thabeet. Ukiingia mtandaoni utakuta jina lake kwa zile orodha za "waliofeli NBA", na watu wanacheka venye timu ilimchukua ikawaacha James Harden na Stephen Curry. Mimi nadhani hiyo hadithi inasimuliwa kuanzia mwisho. Tuianze mwanzo.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam, Februari 1987. Basketiboli aliianza akiwa na miaka 15 hivi. Fikiria hiyo. Kuna watoto Marekani ambao wakifika miaka 15 wamecheza nusu ya maisha yao, wana kocha, wana viatu, na kila shuti lao limerekodiwa kwa video. Huyu ndio alikuwa anafunzwa kushika mpira. Lakini alikuwa mrefu, na aliendelea kurefuka hadi akafika mita 2.21. Akaenda Marekani, akamalizia sekondari Cypress Christian School pale Houston, Texas, na mwaka wa 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kile watu wanaita UConn.

Sasa hapa ndipo inafanana na yule fresha wetu wa godoro. UConn haikuwa timu ndogo. Chini ya kocha Jim Calhoun walikuwa wamechukua ubingwa wa vyuo vya Marekani mara mbili, 1999 na 2004. Msimu wa 2005–06 walishinda mechi 30 wakapoteza 4 pekee. Halafu timu ikavunjika kwa siku moja. Kwenye drafti ya 2006, ile siku timu za NBA huchagua vijana kwa zamu, wachezaji 5 wa UConn walichukuliwa: Rudy Gay, Hilton Armstrong, Marcus Williams, Josh Boone na Denham Brown. Nyumba ikabaki kuta.

Ndani ya hiyo nyumba tupu ndimo Thabeet aliingia. Na mashabiki walikuwa na kumbukumbu mbichi. Miaka miwili tu nyuma walikuwa na Emeka Okafor, senta mwenye wazazi kutoka Nigeria, bingwa wa kuzuia mashuti, ambaye aliwapa kombe la 2004 kisha akachaguliwa nambari 2 kwa drafti. Sasa hapa kuna kijana mwingine, jina la Kiafrika, mrefu hata kumshinda Okafor, naye anazuia mashuti. Si ni rahisi kumaliza hesabu hapo? Hakuna aliyekaa chini kuuliza kama huyu ana miaka minne tu tangu aguse mpira.

Msimu wake wa kwanza UConn walishinda mechi 17 wakapoteza 14. Hawakuingia yale mashindano makubwa ya mwezi wa Machi ambayo Marekani yote hukaa kuyatazama. Thabeet mwenyewe alikuwa na wastani wa pointi 6.2, ribaundi 6.4, na mashuti 3.8 ya kuzuia kwa kila mechi. Ukizisoma kama shabiki mwenye haraka, pointi 6 ni aibu kwa mtu wa urefu huo. Ukizisoma kama kocha, mtoto aliyeanza juzi anazuia karibu mashuti 4 kila usiku, na hiyo ni habari kubwa.

Calhoun alisoma kama kocha. Alimpa muda. Msimu wa pili pointi zikafika 10.5, akazuia mashuti 4.5 kwa mechi, timu ikashinda 24 ikapoteza 9. Machi ilipofika, San Diego ikawatoa raundi ya kwanza kabisa, 70 kwa 69, baada ya muda wa ziada. Hebu fikiria hiyo wiki kwa mashabiki. Lakini msimu wa tatu, 2008–09, pointi 13.6, ribaundi 10.8, mashuti 4.2 ya kuzuia. UConn wakashinda mechi 31 wakapoteza 5, wakafika nusu fainali ya taifa pale Detroit, ndipo Michigan State ikawazuia 82 kwa 73. Thabeet alichaguliwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East miaka miwili mfululizo, na mwaka huo wa mwisho akagawana tuzo ya mchezaji bora na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Kutoka 17–14 hadi nusu fainali. Miaka mitatu. Kama tungefunga kitabu hapo, leo Thabeet angekuwa mfano wa kila kocha wa chuo Afrika Mashariki.

Kitabu hakikufungwa. Juni 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua nambari 2, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Memphis walikuwa wametoka msimu wa kushinda 24 na kupoteza 82 toa 24, yaani 58. Timu iliyoumia, mashabiki wenye njaa, na kijana mpya mrefu. Ni filamu ile ile, ila sasa kuna mamilioni ya dola ndani na hakuna mtu wa kungoja. Tena pale katikati, nafasi yake yenyewe, alikuwa Marc Gasol. Thabeet alicheza kama dakika 13 kwa mechi. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza uishe, wakamtuma ligi ya chini kucheza na Dakota Wizards. Wakati huo hakuna mchezaji aliyekuwa amechaguliwa juu hivyo akatumwa huko. Februari 2011 akauzwa Houston Rockets, mji ule ule aliosomea sekondari, na huko hakuchezeshwa karibu kabisa. Akapita Portland, akapita Oklahoma City, na 2014 NBA ikaisha kwake. Mechi 224 kwa jumla.

UConn ilimpa misimu mitatu. Memphis haikumpa hata miwili.

Najua mtu atasema, "Buda, acha kumtetea, Curry alikuwa hapo." Sawa, tuongee kuhusu Curry. Alichaguliwa nambari 7 siku hiyo hiyo, na aliingia chuo mwaka ule ule wa 2006, pale Davidson, chuo kidogo. Lakini Curry ni mtoto wa Dell Curry, mchezaji wa NBA. Amekua akirusha mipira kwenye viwanja ambavyo Thabeet alikuwa hajui viko upande gani wa dunia. Na hata na hayo yote, Curry alihitaji kungojwa. Msimu wa 2011–12 vifundo vya miguu vilimsumbua hadi akacheza mechi 26 tu. Golden State wangeweza kumtupa. Mwaka huo huo wa 2012 wakampa mkataba mpya wa miaka minne, dola milioni 44. Ubingwa wa kwanza ulikuja 2015, miaka sita baada ya drafti.

Sisemi Thabeet angekuwa Curry. Hiyo ni stori ya kijiweni. Labda hata angengojwa miaka kumi angebaki mchezaji wa kawaida wa akiba, na hakuna ubaya hapo. Ninachosema ni kwamba wale mashabiki walimpigia hesabu ya mwaka wa sita akiwa mwaka wa kwanza, kisha wakamwita mwizi alipokosa kulipa.

Na sisi watu wa huku mlimani hatuwezi kujifanya haituhusu, kwa sababu tunajua upande ule mwingine wa hadithi. Miezi mitatu kabla Thabeet azaliwe, Novemba 1986, Nyahururu alizaliwa Samuel Wanjiru. Mwaka wa 2002 naye alichukuliwa akiwa na miaka 15, akapelekwa Japani kukimbilia shule ya sekondari ya Sendai Ikuei. Unaona? Umri mmoja, safari moja, mtoto anavushwa bahari kwa sababu shule inataka ushindi. Lakini Wajapani walimjenga polepole. Shule kwanza, halafu timu ya kampuni ya Toyota Kyushu chini ya Koichi Morishita, mtu aliyepata fedha ya marathoni Olimpiki ya 1992. Beijing ilipofika, Agosti 2008, Wanjiru alishinda kwa saa 2:06:32, rekodi ya Olimpiki, na dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya wanaume. Ilikuwa miaka sita tangu aondoke nyumbani. Sisi tulianza kushangilia mwaka wa sita na tukasahau kuna mitano ilitangulia.

Mei 2011 alituacha, hapo hapo Nyahururu, akiwa na miaka 24. Sitaki kufanya kifo chake kiwe somo la basketiboli. Nitasema tu kwamba alibeba vitu vingi akiwa mdogo sana, na watu wengi tulikuwa tunahesabu medali.

Mnajua kwa nini hii kitu inanikereketa? Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nikifikiria nakumbuka harambee. Uwanja wa kanisa, hema la kukodisha, shosho wametoa mia mia zao zimekunjwa ndani ya leso. Mzee mmoja akashika maikrofoni akasema huyu kijana akimaliza, lami itafika hadi huku kwetu. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa na miaka 18. Sikuwa nimeahidi mtu lami, hata karo ya muhula wa pili sikuwa najua itatoka wapi. Na karo ilipoisha, hakuna aliyeuliza ilipungua shilingi ngapi. Waliuliza tu, "Na ile lami?" Wale watu walinipenda, sina shaka. Ila mapenzi yao yalikuja na hesabu ya barabara ambayo serikali ilishindwa kujenga tangu baba yangu akiwa mtoto.

Ndiyo maana nikisoma kuhusu Thabeet sioni mzaha. Timu ikianguka, kuna sababu: hakuna kocha wa kudumu, mazoezi ni siku mbili kwa wiki, uwanja umepasuka, wakubwa wameondoka bila kufunza wadogo. Hizo sababu ni kazi ngumu kurekebisha na zinachosha kuongelewa. Ni rahisi zaidi kumpata mtu mmoja mrefu na kumwachia zote. Akishinda, tunasema tulimwona mapema. Akishindwa, yeye ndiye alifeli, na sababu zote zinabaki pale pale zikingoja fresha wa mwaka ujao.

Kwa hivyo Septemba hii, yule jamaa akipita na godoro, hakuna shida kumtazama. Mrefu ni mrefu, macho hayana pazia. Lakini kabla umwite mkombozi, uliza maswali matatu. Ameanza kucheza lini? Nani yuko pale uwanjani kumfunza kila siku? Na sisi tuko tayari kupoteza mechi ngapi tukimngoja? Kama jibu la swali la tatu ni sifuri, basi mwambieni ukweli mapema, asaidiwe kubeba godoro, aende akasome.

Na mkienda mechi yake ya kwanza akose mipira yote, mpigieni makofi na mrudi wiki ijayo. Thabeet wa pointi 6 kwa mechi alihitaji watu wa namna hiyo, na kwa misimu mitatu aliwapata.