Ahadi Mbili, Mabega Yaleyale

Kirolirwe iko kando ya barabara itokayo Sake kwenda Kitshanga, na barabara hiyo ni mojawapo ya njia za kuifikia Goma. Ndiyo maana tangu siku za CNDP ya Laurent Nkunda hadi M23, wakazi wake wameona majeshi mengi yakija na kuondoka. Tutafakari basi: je, umoja wa nchi waweza kutimiza ahadi mbili za ulinzi kwa wakati mmoja?

Tarehe 26 Agosti 2003, huko Dar es Salaam, nchi za SADC zilitia sahihi mkataba wa ulinzi wa pamoja: kushambuliwa kwa mmoja ni hatari kwa wote. Lakini mkataba huohuo unaiachia kila nchi ichague jinsi ya kuchangia. Hapo ndipo penye ufa.

Mwaka 2013 ufa huo haukuonekana. Askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoruhusiwa kuwa na watu 3,069, walisimama pamoja na FARDC, na mwezi Novemba M23 ikashindwa. Gharama zililipwa na Umoja wa Mataifa, na SADC haikuwa na kikosi chake katika vita vingine.

Julai 2021 SADC ilipeleka kikosi Cabo Delgado, Msumbiji. Desemba 2023, kikosi cha Afrika Mashariki kilipoondoka Kivu, SADC ikaleta kingine kwetu. Waliotoa askari walikuwa nani? Nchi zilezile tatu, na zote tatu zilikuwa pia Msumbiji. Afrika Kusini peke yake iliidhinisha askari 1,495 kwa Msumbiji na 2,900 kwa Kongo. Jumuiya ina wanachama 16, lakini mzigo ulikaa juu ya mabega machache.

Kikosi cha Msumbiji kilimaliza muda wake Julai 2024. Tarehe 27 Januari 2025 M23 iliingia Goma, na askari wa SADC wakakwama kambini. Tarehe 13 Machi viongozi wakaamua kuwaondoa.

Tusiseme kwamba Msumbiji ndiyo sababu pekee. M23 ya safari hii ilikuwa na nguvu zaidi, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kuwa Rwanda inaisaidia, jambo ambalo Rwanda inalikana. Wala tusiwadharau askari waliokufa mbali na kwao. Tunachojifunza ni hiki: umoja waweza kubeba ahadi mbili iwapo wanachama wengi wanabeba kweli. Wakibeba wachache, mshika mbili moja humponyoka, na inayoponyoka ni usalama wa mama anayekimbia na watoto kuelekea Sake.

Kwa mazungumzo ya kikundi: katika kijiji chetu, ni ahadi zipi tulizoweka wote, lakini zinabebwa na watu walewale wachache?