Urithi ni wa nani? Safari ya neno kutoka Hesabu hadi Mathare

MWAKA jana nilihudhuria mkesha wa matanga mtaani Mathare. Marehemu, fundi wa ujenzi, alikuwa baba ya mwanafunzi wangu wa zamani. Mkewe alimtangulia miaka kadhaa. Ameacha mabinti watatu na vyumba kumi vya mabati vya kukodisha. Mhubiri alituasa tusihangaishwe na mali ya dunia kwa kuwa urithi wetu uko mbinguni. Watu wakaitikia amina. Mwanafunzi wangu akaniinamia: "Sasa Prof, kama urithi uko mbinguni, mbona baba wadogo wamebeba kitabu cha kodi?"

Swali hilo sijalisahau. Mhubiri hakukosea kuhusu mbinguni. Alichoruka ni safari ndefu ya neno lenyewe.

Rithi, mrithi na mirathi tumeyapata kutoka Kiarabu. Kiebrania, ndugu ya Kiarabu, kina kitenzi chenye asili hiyo hiyo: yarash. Msomaji asishtuke kuona th imegeuka sh. Alinganishe thelathini yetu na shloshim yao. Ila yarash ina sura mbili. Ni kupokea cha mzazi, na pia ni kuikalia ardhi iliyokuwa ya mwingine. Katika kauli ya kusababisha, huwa ni kumfurusha mtu kabisa. Waisraeli waliirithi Kanaani kwa maana hizo zote, na naamini Wakanaani wangekisimulia kisa hicho kwa kitenzi tofauti. Wakazi wa Mathare nao hawahitaji kamusi kuielewa maana hiyo ya pili. Mto ulipofurika Aprili 2024, maji yalibeba nyumba. Mwezi uliofuata, tingatinga za serikali zikabomoa nyingine zilizobaki kandokando ya mto.

Neno la pili la Kiebrania ni nahala, yaani fungu la ardhi la ukoo. Fungu hili halikuwa bidhaa. Kwa mujibu wa Walawi 25, mwenye ardhi ni Mungu, binadamu ni mpangaji tu, na shamba lililouzwa hurudi kwa ukoo wake mwaka wa 50. Ndiyo maana Nabothi alimkatalia mfalme Ahabu shamba lake la mizabibu hata alipoahidiwa lililo bora zaidi. Alilipa kwa uhai wake.

Fungu hilo lilipitia kwa wanaume, na kifunguamimba wa kiume akipata sehemu mbili. Hapo ndipo wanapotokea mabinti watano wa Selofehadi: Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alifia jangwani bila mtoto wa kiume. Katika Hesabu 27 wanasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wote, mlangoni pa hema. Hawaombi kuhurumiwa. Wanauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika ukoo wake eti kwa sababu hakuzaa mvulana. Mungu anawaunga mkono, na sheria inabadilishwa: pasipo mwana, binti arithi kabla ya ndugu za marehemu. Mjane, kwa bahati mbaya, hatajwi kabisa kwenye orodha ile. Na kufikia sura ya 36, wazee wa ukoo wamekwisha kulalamika, mabinti wakaamriwa waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihame. Kisha katika Yoshua 17 tunawakuta tena, wakidai kile kile walichokwisha kupewa kwa maneno.

Nimeandika "pasipo mwana", na lugha yetu ina lake la kusema hapo. Katika Biblia ya Kiswahili, mwana kwa kawaida ni mvulana. Lakini kwa Waswahili wa Pate na Lamu, Mwana ni jina la heshima la mwanamke. Mwana Kupona alitunga utendi wake mnamo 1858 kama wosia kwa bintiye. Neno lililombeba mama kule pwani limefika huku bara likiwa limevaa suruali.

Wakristo wa kwanza, walioandika Kigiriki, walilirithi neno nahala katika tafsiri ya kleronomia, ambamo mna kleros, kura, kwa kuwa ardhi ya Kanaani iligawanywa kwa kura. (Wakatoliki wanaowaita mapadri wao makleri wanalitumia neno hilo hilo.) Petro anauita urithi huo usioharibika, uliowekwa mbinguni. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba katika Kristo hakuna tena mwanamume wala mwanamke, na papo hapo anawaita warithi. Petro tena anawataka waume wawaheshimu wake zao kama warithi wenzao. Kwa hivyo, mhubiri akitutajia urithi wa mbinguni, amewataja mabinti ndani yake, apende asipende.

Wapo watakaonikumbusha kwamba Yesu, katika Luka 12, alikataa kumgawia mtu urithi na nduguye. Kweli. Lakini onyo lililofuata lilihusu tamaa, nalo halikubagua kati ya anayedai na aliyekwisha kunyakua.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilianza kutumika Julai 1, 1981. Kifungu cha 38 kinasema kwamba marehemu asiyeacha wosia wala mke, mali yake igawiwe watoto kwa usawa. Watoto, bila jinsia. Mwaka wa 2005, Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja kwamba binti apunjwe kwa sababu ataolewa.

Haya yote nilimweleza mwanafunzi wangu kwa simu. Akacheka kidogo. Baba wadogo walikuwa wametangulia kwa chifu na orodha yao ya warithi, na majina ya mabinti hayakuwemo. Alikwenda na dada zake wawili, wakiwa na vyeti vya kuzaliwa, kuomba barua iandikwe upya. Tulipozungumza mara ya mwisho walikuwa bado wanaisubiri, na kodi ya mwezi ule ilikuwa imeshachukuliwa.