Programu nafuu za kuhariri faili ghafi za kamera: Dodoma na nyanda za kati

Programu za faili ghafi hugeuza data iliyonaswa na kihisi cha kamera kuwa picha inayoweza kuchapwa, kutundikwa au kutumwa kwa simu. Faili zenyewe, ambazo menyu ya kamera huziita RAW, hubadilika mkia kulingana na mtengenezaji: CR2 na CR3 kwa Canon, NEF kwa Nikon, ARW kwa Sony, RAF kwa Fujifilm. Katika Dodoma na nyanda za kati za Tanzania programu hizi hutumiwa kwa kazi zilizo mbalimbali sana, kuanzia vikao vya Bunge na hafla za wizara kule Mtumba, mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, harusi na send-off, hadi kumbukumbu za michoro ya miambani ya Kondoa.

Kinachobaki ndani ya faili

Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa vichujio vidogo vya rangi nyekundu, kijani na buluu kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976. Kila pikseli huona rangi moja tu. Nyingine mbili hukadiriwa kutokana na pikseli jirani. Picha ya JPEG imeshakadiriwa ndani ya kamera na ziada ikatupwa: hubaki na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384.

Tofauti hiyo huonekana haraka Dodoma. Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kiangazi chake ni kirefu na anga haina wingu, na jua la saa sita huacha kivuli kizito chini ya nyusi huku shela la bibi harusi likimeremeta. Udongo mwekundu hurudisha rangi yake usoni kutoka chini. Chini ya turubai la buluu, wageni wote huwa na nyuso za buluu. Ndani ya faili ghafi, urari wa weupe ni maagizo tu yaliyoandikwa pembeni, hivyo hubadilishwa bila hasara. Mhariri hubofya sehemu nyeupe ya kanzu au shela, rangi ikarudi mahali pake. Kwenye JPEG rangi imeshakolea, na kila unapoivuta, ngozi nyeusi ndiyo huanza kuharibika, ikawa ya kijivu au yenye mabaka. Hata hivyo faili ghafi haifanyi miujiza: shela lililopigwa likaungua kabisa halina nyuzi za kurudisha.

Gharama halisi

Bei iliyo kwenye tovuti ni sehemu tu ya hesabu. Lightroom ya Adobe iliingia sokoni mwaka 2007 ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Toleo la 6 lilikuwa la mwisho kuuzwa hivyo, na tangu mwishoni mwa 2017 matoleo mapya hupatikana kwa malipo ya mwezi au mwaka tu. Kwa miaka mingi mpango wa wapiga picha ulikuwa dola 9.99 kwa mwezi, yaani karibu dola 120 kwa mwaka, kabla haujapandishwa kwa wateja wapya. Tangu Julai 2022 Tanzania pia hutoza VAT kwa huduma za kielektroniki zinazouzwa na kampuni za nje. Malipo hutaka kadi inayokubalika kimataifa, na thamani ya shilingi ikishuka bili hupanda bila taarifa.

Mapato ya mpiga picha wa harusi hayaji kwa mwezi. Kwaresima na Ramadhani zikiingia, shughuli husimama, lakini ada haifungi. Ikikosekana, Lightroom Classic hufunga sehemu ya kuendeleza picha. Mwenyewe huweza kuzitazama na kuzitoa nje, si kuzihariri.

Kuna bando pia. Picha 1,000 za harusi moja, kila moja MB 25, ni GB 25. Programu inayotaka kupandisha picha zote mtandaoni kabla ya kufanya kazi haifai kwa mtu anayenunua intaneti kwa wiki. Mwisho ni kompyuta yenyewe, ambayo mara nyingi ni laptop iliyotumika yenye RAM ya GB 4.

Programu zenyewe

Ya kwanza kujaribiwa iwe ile ambayo mwenye kamera ameshailipia pasipo kujua. Canon hutoa Digital Photo Professional, Nikon hutoa NX Studio (tangu 2021), na Sony hutoa Imaging Edge Desktop, zote bure kwenye tovuti zao. Zinaifahamu kamera vizuri kuliko programu yoyote ya nje, na rangi za ngozi hutoka karibu sawa na zile zilizoonekana nyuma ya kamera. Ubaya wake ni uzito na ubaguzi: ya Canon haifungui NEF. Studio yenye kamera za kampuni mbili itajikuta na njia mbili za kazi.

Hapo ndipo zinapoingia programu huria. Nyingi zina deni kwa Dave Coffin, Mmarekani aliyeanza mwaka 1997 kuandika dcraw, programu ndogo iliyofumbua faili za kamera ambazo watengenezaji walikuwa wamezificha. RawTherapee, iliyoanzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria na kuwekwa huria mwaka 2010, ni hodari kwa kurudisha maelezo madogo na kutuliza chenga za picha za usiku. Darktable, iliyoanza mwaka 2009, ina mengi zaidi, ikiwemo kupanga maktaba ya picha na kuhariri sehemu moja ya picha bila kugusa nyingine, lakini huhitaji GB 8 za RAM ili isisuesue, na mwanzoni humchosha mtu aliyezoea Lightroom. Zote mbili huandika marekebisho katika faili dogo kando ya picha, bila kuigusa yenyewe. Ofisi yenye wapiga picha kumi huziweka kwenye kompyuta kumi bila leseni ya ziada.

GIMP hutajwa sana katika orodha za namna hii, ingawa yenyewe haifungui faili ghafi. Huikabidhi kwa darktable au RawTherapee. Affinity, ambayo Canva iliinunua 2024 na kuifanya ya bure Oktoba 2025, huendeleza faili ghafi vizuri ila hutaka akaunti ya Canva. Kwenye simu, Snapseed hufungua faili za DNG, na hiyo yatosha kwa picha ya haraka ya habari.

DNG ni muundo wa Adobe wa mwaka 2004, na kampuni hiyo hutoa bure kigeuzi chake. Mwenye programu ya zamani aliyenunua kamera mpya akitumie kabla hajaamua kununua chochote. Aangalie pia tarehe ya programu anayopewa kwa flashi: darktable haikusoma CR3 hadi toleo la 3.8 la Desemba 2021.

Nakala zilizokrakiwa hupatikana kwa bei ya soda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda picha za mpiga picha mwenyewe, na virusi vinavyofunga faili hupenda kusafiri ndani ya nakala hizo.

Michoro ya Kondoa

Mfano bora wa eneo hili hauko kwenye harusi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2006, ni ya rangi nyekundu na nyeupe, na mingi imefifia kwa jua, maji na vumbi. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka 1983. Leo mpiga picha hupiga faili ghafi kwenye kivuli, huziendeleza kwa rangi zisizokolezwa, kisha hupeleka picha ndani ya ImageJ, programu ya bure ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, yenye nyongeza ya DStretch iliyotungwa na Jon Harman. DStretch huzitenganisha rangi zilizokaribiana hadi umbo lisiloonekana kwa jicho likajitokeza, kwa rangi za uongo lakini mistari ya kweli. Kwa njia hii hakuna sababu ya kulowesha mwamba ili mchoro uonekane, tabia inayouharibu. Picha ya JPEG iliyobanwa sana haifai hapa, kwa kuwa DStretch hukuza pia mabaka ya ubanaji, na mtafiti anaweza kudhani ni mguu wa twiga.

Kwa mwenye kamera moja na laptop ya GB 4, programu ya mtengenezaji ndiyo ya kuanzia, na RawTherapee ndiyo ya kuhamia. Fedha ambazo angelipia Lightroom mwaka wa kwanza anunue diski mbili za nje, moja ikae nyumbani na nyingine studio.