Zimwi na Mtumwa: Ngano za Watoto katika Somo la Historia

Miongoni mwa ngano wanazosimuliwa watoto katika Afrika ya Mashariki, ipo ile ya msichana aliyetekwa na zimwi. Alikwenda pwani na wenzake kuokota kombe, akasahau la kwake juu ya jabali, akarudi peke yake kulichukua. Zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Kila ngoma ilipopigwa mtoto aliimba, na zimwi likapewa chakula. Siku moja wakafika kijijini kwao. Wazazi wakaitambua sauti, wakamtoa mtoto wao, na mahali pake wakatia nyuki.

Ngano hii yaweza kumsaidia mwalimu kuwafungulia watoto mlango wa historia ya utumwa. Hatudai kwamba ilizaliwa na biashara hiyo, maana visa vinavyofanana nayo husimuliwa hata kusini mwa Afrika. Lakini ndani yake mna mambo matatu ambayo mtumwa aliyajua vyema: kunyakuliwa, kupelekwa mbali na kwao, na jasho lake kumshibisha mtu mwingine.

Hata hivyo, yafaa mwalimu aoneshe pale ngano na historia zinapoachana. Kwanza, katika historia zimwi alikuwa binadamu. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20 kila mmoja. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yaliongeza mahitaji ya watumwa, na misafara ikawaleta watu Kilwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Walionufaika walikuwa wengi: wenye mashamba, wenye mitaji, wenye majahazi, wakuu wa misafara, na baadhi ya watawala wa bara waliouza mateka wao.

Pili, mtekaji hakuwa mgeni siku zote. Katika miaka ya 1860 wamisionari wa Kikatoliki huko Unguja waliandika masimulizi ya msichana wa Kiyao aliyeitwa Swema. Baada ya baba yake kufariki, mama yake alikopa nafaka, asiweze kulipa. Mdai akamchukua Swema kuwa malipo, naye akauzwa kwa msafara. Mama alifuatana na msafara ili asitengane na mwanawe, lakini hakufika pwani. Swema alifika Unguja hali yake ni dhaifu mno, akadhaniwa hana faida tena, akafukiwa kaburini angali hai. Kijana mmoja alisikia kilio chake akamfukua, na wamisionari wakampokea. Waandishi wa kisa hiki walikuwa na makusudi yao ya dini, na msomaji alikumbuke hilo. Lakini deni lililomtoa mtoto kwa mama yake lilikuwa jambo la kawaida katika zama zile.

Wahenga walisema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa Swema mithali hiyo haikutimia. Aliyemtoa kwao ni mtu aliyeijua nyumba yao na dhiki yake.

Tatu, mwisho wa historia si mwisho wa ngano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa barani. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini wengi waliopata uhuru hawakurudi kwao. Walichukuliwa wakiwa wadogo mno, wakasahau njia, na wengine wakapewa majina mapya. Kitabu cha James Mbotela, *Uhuru wa Watumwa*, kilichotolewa mwaka 1934, kimetuhifadhia habari za watu wa namna hiyo waliofanya makao mapya Frere Town karibu na Mombasa.

Basi mwalimu afanyeje? Asiibadili ngano. Aisimulie kama alivyoirithi, pamoja na wimbo wake, kisha asimulie kisa cha Swema, na awaulize wanafunzi: Nani aliimba, na nani alikula? Nani angeweza kuzuia, akanyamaza? Kwa nini huyu alirudi kwao na yule hakurudi? Kwa watoto wadogo hapana haja ya kueleza kila ukatili, lakini pia hapana ruhusa ya kuwadanganya kwamba kila mtoto alirudi nyumbani.

Tena ajihadhari asilivike zimwi sura ya kabila moja, rangi moja au dini moja. Katika darasa moja huenda wameketi pamoja vitukuu vya waliouzwa, vya waliouza na vya walionunua, nao wenyewe hawajui. Hakuna mmoja wao apasaye kutoka darasani akiona aibu kwa ajili ya babu yake. Wote yawapasa kutoka wakifahamu jinsi deni, njaa na tamaa ya faida zilivyomgeuza mtoto wa watu kuwa bidhaa, ili wakiona dalili zake tena waweze kuzitambua, kama wazazi wale walivyoitambua sauti ya mtoto wao ndani ya ngoma.