Kijitabu cha kijivu cha dereva msafiri

Tarehe 11 Oktoba 1909, wajumbe wa nchi kadhaa za Ulaya walitia saini mjini Paris mkataba kuhusu magari yanayovuka mipaka. Wenye magari walikuwa bado wachache, tena matajiri, lakini kila nchi ilikuwa na utaratibu wake. Ufaransa ilidai cheti cha udereva tangu miaka ya 1890. Uingereza ilianza kutoa leseni mwaka 1904, na mtu aliipata kwa shilingi tano bila mtihani wowote. Mtihani haukuwa wa lazima hadi 1935. Askari wa Ufaransa angeiaminije karatasi ya namna hiyo?

Mkataba ukaleta cheti cha kimataifa cha mwaka mmoja, chenye habari za gari na za dereva pamoja. Dereva asipungue miaka 18. Nyuma ya gari kiwekwe kibao chenye umbo la yai, upana sentimita 30 na kimo 18, kikiwa na herufi za nchi linakotoka. Katika mfumo huo Kenya ina EAK, Uganda EAU, na hata baada ya Muungano, Tanzania Bara ina EAT na Zanzibar EAZ.

Mwaka 1926, Paris tena, cheti cha dereva kilitenganishwa na cha gari. Ukafuata mkataba wa Geneva wa 1949, kisha wa Vienna wa 1968, na hapo ndipo ulipoanza mkanganyiko unaowakwamisha watalii hadi leo, maana si nchi zote zilizohamia mkataba mpya. Japani inatambua cheti cha dereva, yaani kijitabu, cha Geneva peke yake. Ujerumani hutoa cha Vienna, kwa hiyo Mjerumani anayetaka kukodi gari Tokyo hana budi kuwa na tafsiri ya leseni yake kwa Kijapani. Uingereza ilitia saini mkataba wa Vienna 1968, ikauridhia 2018, ikiwa karibu kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Nusu karne nzima!

Kijitabu chenyewe ni kidogo, jalada la kijivu na kurasa nyeupe ndani, maelezo yaleyale yakirudiwa kwa lugha kadhaa. Kwenye ukurasa wa picha hugongwa muhuri kando ya herufi: A pikipiki, B gari dogo, C lori, D basi. Askari asiyejua kusoma leseni ya kwenu ataielewa herufi hiyo.

Watu wengi hukiita leseni ya kimataifa, na matapeli wa intaneti wananufaika na jina hilo kwa kuwauzia hata wasiojua kuendesha. Huo ni wizi mtupu, tena wa hatari. Kijitabu ni tafsiri tu: bila leseni halali ya nyumbani mkononi, hakina nguvu yoyote. Hutafutwa kabla ya safari; kwa Kenya, chama cha magari cha AA hukitoa. Cha Geneva hudumu mwaka mmoja, cha Vienna hakizidi mitatu, na leseni ya nyumbani ikiisha mapema, nacho kimekwisha siku hiyo.