Nuru ya Kiomboi: Kamera, Vitambulisho na Sura Zetu

Likizo iliyopita nilikwenda Kiomboi kumjulia hali shangazi yangu. Nilimkuta amerudi kutoka ofisi moja, ambayo siitaji, akiwa amechoka na kukasirika. Alikwenda kufuatilia haki yake, akatoa kitambulisho, na kijana wa dirishani akakitazama, akamtazama, akakitazama tena. Kisha akauliza kwa adabu: "Bibi, huyu ni wewe kweli?" Shangazi akatakiwa alete barua ya mtendaji ili kuthibitisha kuwa yeye ni yeye.

Nilikichukua kile kitambulisho. Ukutani nyuma yake palikuwa peupe, na kilemba chake cheupe kilionekana barabara, mikunjo yote. Chini ya kilemba palikuwa na kivuli. Hapakuwa na pua, hapakuwa na makunyanzi, wala alama ya jeraha kwenye paji la uso ambayo kila mtu wa mtaa ule anaijua. Kijana wa dirishani hakuwa na kosa, kwani picha ile ingeweza kuwa ya mwanamke yeyote wa Iramba.

"Mwanangu," shangazi akaniambia, "wewe si hutembea na kamera? Nipige picha inayofanana na mimi."

Makala ya leo yametokana na ombi hilo. Wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikijadili bajeti na katiba watanivumilia. Hatutakwenda mbali sana na mambo hayo.

Kamera yangu ni Fujifilm X-T1, iliyotoka mwaka 2014. Niliinunua ikiwa mtumba, tayari imepitwa na matoleo kadhaa. Ni ya jamii ya kamera zisizo na kioo ndani. Katika kamera kubwa za zamani, kioo kidogo kilichokaa mshazari nyuma ya lenzi kilipeleka taswira kwenye kidirisha cha kuchungulia, kikainuka kila ulipobonyeza. Panasonic ilipotoa Lumix G1 mwaka 2008, ilifungua soko la kamera za lenzi za kubadilisha zisizo na kioo hicho: unachokiona kidirishani ni taswira ya kielektroniki, nayo inaweza kukuonyesha kabla ya kubonyeza kama picha itakuwa nyeusi au nyeupe mno.

Lakini sikuinunua kwa sababu ya kukosa kioo. Niliinunua kwa sababu ya vigurudumu vyake vya chuma vilivyo juu. Kushoto ni cha ISO, yaani unyeti wa kamera kwa nuru. Kulia ni cha kasi ya shata, na kando yake kipo kidogo cha kuongeza au kupunguza mwanga. Upana wa tundu unauzungusha kwenye lenzi yenyewe. Wanafunzi wangu hucheka wakiniona nazungusha vitu hivyo kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya mkulima. Nami huwaambia kuwa naiona namba kabla hata sijawasha kamera, na kwamba uamuzi uliomo kwenye kila picha nimeufanya mimi.

Neno hilo, uamuzi, ndilo kiini cha mkasa wa shangazi. Kamera inapoachiwa ijiamulie, kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa rangi ya kijivu cha wastani, kile kinachoakisi takriban asilimia 18 ya nuru. Ukutani kukiwa peupe na kilemba kikiwa cheupe, kipimo huona weupe mwingi kupita wastani na kupunguza nuru. Weupe hushuka kuwa kijivu, na uso mweusi hushuka nao hadi gizani. Simu nyingi za siku hizi hutafuta uso na kujirekebisha, si haba. Lakini kamera iliyofungwa juu ya meza ya ofisi, ikiwa imepangwa mara moja na fundi aliyekwisha kuondoka, haimjui shangazi yangu. Mwendeshaji wake alihitaji kuongeza nuru hatua moja, pengine moja na nusu, au kumsogeza tu mama yule mbali na ukuta.

Mtu anaweza kusema hiyo ni ajali ya fizikia. Kwa sehemu ni kweli. Ila wastani huwekwa na watu, na historia yake inajulikana. Kwa miongo kadhaa, maabara za kusafishia picha za rangi zilitumia kadi za mfano kutoka Kodak ili kusawazisha rangi. Kadi hizo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na mafundi walizoea kuziita Shirley. Sura ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Sura nyingine zote zilijitegemea. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni hiyo kuboresha uwezo wa filamu katika rangi nyeusi na kahawia yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Walitaka wateja waone tofauti kati ya chokoleti moja na nyingine. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado sijaamua kama nicheke.

Afrika Kusini hali ilikuwa ya kikatili zaidi. Mashine ya Polaroid iitwayo ID-2, iliyotoa picha za kitambulisho kwa dakika chache, ilitumika kutengeneza picha za vitabu vya pasi ambavyo kila Mwafrika alilazimishwa kubeba chini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo na kuanzisha harakati za kuisusia. Polaroid ilijiondoa Afrika Kusini mwaka 1977. Hapo picha ya uso ilikuwa kamba shingoni, ambapo kwetu leo ni ufunguo wa matibabu, laini ya simu, kura na pensheni. Katika hali zote mbili, mwenye uso si yeye aliyeshika kamera.

Nani basi aliishika kamera Iramba? Jibu fupi ni kwamba walikuwa wageni, kwa muda mrefu. Wakati wa Wajerumani, mpiga picha Walther Dobbertin alizunguka koloni la Afrika Mashariki na kuacha hazina kubwa ya picha za askari, reli, masoko na watu. Hazina hiyo imo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, ambayo Desemba 2008 iliweka kwenye mtandao wa Wikimedia zaidi ya picha 80,000 za makusanyo yake, za Dobbertin zikiwamo. Wamisionari wa Leipzig nao walipiga picha nyingi Kilimanjaro, Meru na Pare. Kuanzia miaka ya 1920 walifika Iramba Walutheri wa sinodi ya Augustana kutoka Marekani, wengi wao wenye asili ya Uswidi. Mji wa Kiomboi unawakumbuka kwa hospitali, na wazee wanaikumbuka shule iliyokuwapo hapo kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Sinodi hiyo ilikwisha kuunganishwa na makanisa mengine ya huko kwao, na nyaraka za kanisa lililoirithi zimehifadhiwa jimboni Illinois. Mwanafunzi wa historia kutoka Kiomboi anayetaka kujua sura ya mji wake zamani ana njia mbili: visa au intaneti.

Hata dhahabu yetu ilipita njia hiyo hiyo. Ile ya Sekenke, chini ya mteremko ambao kila abiria wa basi la Singida kwenda Nzega anaujua, Wajerumani waliitumia mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora, zenye picha ya tembo. Leo ukitaka kuiona, utaipata zaidi kwenye minada ya wakusanya sarafu wa Ulaya.

Sisemi picha za wageni hazina thamani. Bila hizo tungekuwa na pengo kubwa zaidi. Nalalamikia maelezo yaliyoandikwa chini yake. Mara nyingi gavana ana jina, mmisionari ana jina, hata mbwa wa mmisionari huenda akawa nalo. Mwanamke aliyesimama katikati ya picha ni "mwanamke wa kabila fulani", basi.

Kamera ilikuja mikononi mwa wenyeji taratibu, na ilianzia pwani. Zanzibar kulikuwa na studio tangu karne ya 19, na Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga picha za masultani, za wanamapinduzi na za maarusi wa mtaani kwa miongo mingi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya mtumba, Box Brownie ya Kodak, ndugu wa ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1900 kwa dola moja. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1966 alikamatwa na kufungwa Zanzibar, kisha akafukuzwa nchini. Alikuwa ameelekeza kamera mahali ambapo watawala hawakutaka ielekezwe. Picha zake za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 zilitikisa dunia. Tulimfukuza mtu wa namna hiyo, na sikumbuki kama tumewahi kulijadili jambo hilo kwa kina darasani.

Huku bara, ndani kabisa, kamera ilikuja kwa baiskeli. Mpiga picha alifika siku ya mnada, akatundika kitambaa, akapanga watu foleni. Picha zilisafishwa mjini na kurudi baada ya wiki kadhaa, kama zilirudi. Marehemu baba alikuwa na picha moja tu ya ujana wake, iliyobanduliwa kutoka kadi ya chama, na nusu ya mhuri bado imo shavuni.

Siku hizi kila mfuko una kamera, na mgogoro umehamia kwenye swali la nani aonyeshe nini. Januari 2016 Serikali ilitangaza kuwa TBC haitaendelea kurusha vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, sababu ikitajwa kuwa gharama. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, na sisi wenye blogu tukajikuta tunatakiwa leseni. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hii ya mwisho naiunga mkono na ningependa watumishi wa umma wanaosoma hapa waisome yote. Sheria inayojali taarifa za mtu ni lazima ijali pia usahihi wake, na sura isiyotambulika ni taarifa isiyo sahihi.

Nirudi uani kwa shangazi. Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi wa saba, mbingu haina wingu. Nilimtoa juani nikamkalisha kivulini penye mwembe, uso ukielekea uwanja ulio wazi ili nuru imrudie kutoka ardhini. Alikataa kuvua kilemba, sikubishana. Nikaweka ISO 400, nikafungua tundu la lenzi, nikazungusha kigurudumu cha kasi hadi makunyanzi yalipoonekana kidirishani. Kilemba kilipauka kidogo. Niliacha kipauke.

Nikasafishiwa nakala tatu katika studio iliyo karibu na stendi. Shangazi aliishika moja, akaigusa pale penye alama ya jeraha, akacheka: "Hata hii umeiweka!" Kisha akaigeuza nyuma na kunipa kalamu. Aliniamuru niandike jina lake lote matatu, jina la mama yake, Kiomboi, na mwaka. Nakala moja ameipeleka kwa yule kijana wa dirishani, pamoja na barua ya mtendaji.