Huzuni Katika Orodha za Vifo

Katika karne ya 17 makarani wa parokia za London walichapisha kila juma orodha ya waliozikwa na sababu za vifo vyao. Orodha ya mwaka 1632 yataja meno 470, sayari 13, huzuni 11, na mmoja aliyekufa kwa hofu.

Msomaji wa leo aweza kucheka. Lakini "meno" walikuwa watoto wachanga waliofariki wakati wa kuota meno. "Sayari" ni kifo cha ghafla kilichodhaniwa kuletwa na nyota. Waliokagua maiti walikuwa wanawake wazee, walioapishwa kusema kweli ila hawakufundishwa utabibu. Mwaka 1662 John Graunt alionyesha kwamba kwa kikombe cha pombe na ada maradufu, kaswende iliweza kuandikwa kuwa kifua kikuu.

Basi kilichopotosha kumbukumbu zaidi si neno geni, bali neno la kawaida lililositiri aibu. Nasi tusomao wasifu wa marehemu makaburini tujiulize: "baada ya kuugua kwa muda mfupi" yawaambia nini wajao? Aliyeandika "huzuni" hakujua utabibu. Lakini aliandika alichokiona.